Mama Mkwe Kwenye Zamu ya Naserian

Juzi mmoja wenu alikuja kunisalimia hapa nyumbani. Binti mzuri, ana digrii yake ya rasilimali watu, ameajiriwa kwenye hoteli moja ya watalii huku Usa River. Alikaa, akapewa chai, halafu akaanza kulalamika. Mama, kanuni zinabadilika mno. Mama, wametoa mwongozo mpya wa mafunzo kazini, bado sijaumaliza wakaleta marekebisho ya sheria ya kazi, na sasa mfumo wa kuwasilisha tozo ya ujuzi umebadilishwa na nywila yangu inakataa. Nilimsikiliza mpaka akaishiwa pumzi. Kisha nikamwuliza kama amewahi kumwona mtu akivua barakoa, akatokea mtu mwingine kabisa. Aliniangalia kwa huruma, nadhani alifikiri uzee umenifika kichwani.

Nikamsimulia. Na kwa kuwa najua mko wengi mnaolia kilio hicho hicho, nimeona niwaandikie na ninyi vijana wa kazi hii.

Mimi wananiita Mama Utumishi. Nilipoanza, cheo kilikuwa afisa utumishi. Baadaye kikageuka kuwa afisa rasilimali watu, mlango ukapigwa kibao kipya, ila watu hawakukisoma. Mpaka leo muuza ndizi wa pale stendi ananiita Mama Utumishi, na nimeshaitikia. Kazi yangu yote niliifanyia kwenye shamba moja la maua ya waridi, kando ya barabara ya Moshi. Kuajiri, likizo, michango, mafunzo, ugomvi wa wapenzi walioachana na bado wako zamu moja, yote yalipita mezani kwangu.

Aliyenifundisha ni marehemu Mzee Nnko, Mmeru wa huko juu mlimani, mzee wa kanisa, mkali kama pilipili kichaa. Alikuwa na tabia moja ambayo mwanzoni niliona ni kupoteza nauli. Kila mwezi alinichukua mpaka ofisi ya kazi mjini, hata kama hatuna shauri lolote. Tunaingia, tunasalimia, anauliza, “Kuna jipya?” Wakisema hakuna, tunaaga, tunakunywa chai na maandazi Ngarenaro, tunarudi. Siku moja nikamwambia, mzee, sheria si ninayo kichwani. Alinigeukia, akaniuliza kama nyumbani kwetu tunafuga. Nikasema ndiyo, ng'ombe wawili.

“Basi sheria ya kazi ni maziwa, mwanangu. Uliyoyaacha juzi, leo usiyaite maziwa.”

Na akaongeza jingine ambalo naona ni kubwa zaidi. Alisema kichwa cha mtu hakikumbuki sheria, kinakumbuka ile sheria aliyoipenda. Kwa hiyo usimhukumu mtu kwa kichwa. Hata ukiwa na uhakika, nenda ukaulize kwanza.

Msidhani wakubwa wetu walikuwa wanajali haya. Meneja wetu, Bwana Minja, alikuwa mtu wa waridi. Mwonyeshe jani lenye doa, hapati usingizi. Mwonyeshe kanuni, anasinzia hapo hapo. Kuna mwaka tuliletewa wanafunzi wa chuo cha ufundi waje kujifunza kwa vitendo. Mimi nikiwa likizo, yeye akawakabidhi mikokoteni. Akaja mkaguzi wa kazi, akamsimamisha mwanafunzi mmoja, akamwuliza anajifunza nini. Kijana wa watu akajibu kwa adabu, “Kusukuma.” Mkaguzi akauliza, na wiki ijayo? “Nimeambiwa wiki ijayo kuvuta.” Niliporudi nilikuta onyo mezani na Minja kaninunia, kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha yule kijana kusema kweli. Tangu hapo kila mwanafunzi aliyekanyaga shamba letu alipewa mtu wa kumfundisha na mpango wa kueleweka. Hilo lishikeni: mtu aliyekuja kujifunza si kibarua wa bure.

Sasa nije kwenye barakoa.

Kuna utaratibu mzuri siku hizi, wengi wenu mnaujua. Mtu aliyejifunza kazi kwa kuifanya, bila kukanyaga chuo, anaweza kupimwa ujuzi wake akapewa cheti. Nilipousikia nilifurahi mno, maana pakihausi yetu, yaani lile banda la kufungashia maua, ilijaa wanawake wenye mikono ya dhahabu na karatasi hawana hata moja. Nilimpigia Minja kelele mpaka akakubali tuwaite watathmini. Na mtu wa kwanza niliyempendekeza alikuwa Naserian.

Naserian ni binti wa Kiarusha, ameolewa Nduruma, mume wake yuko machimboni Mererani. Mpole, mwepesi. Ukimpa shada la waridi analipanga huku anaongea nawe, na halina kasoro. Wakati huo alikuwa mjamzito, amekwisha kuleta taarifa ofisini kwangu na tarehe anayotarajia kujifungua, na tarehe yenyewe ilikuwa bado mbali. Nikasema vizuri, apate cheti kabla hajaenda likizo.

Siku ya upimaji mtathmini akafika, kijana nadhifu, kavaa koti jeupe. Pakihausi kila mtu anavaa aproni, kofia ya kufunika nywele na barakoa, kwa ajili ya dawa, kwa hiyo unayoyaona ni macho tu. Akaita jina la Naserian. Akajitokeza mmoja kutoka meza ya nyuma, polepole. Mimi nikajisemea moyoni, masikini, mimba imemlemea. Lakini nikamwangalia tumboni, mimba siioni.

Akapewa waridi azipange na kuzifunga. Jamani. Alizikumbatia zote kwa mpigo, akazikandamiza kwa goti, akazungusha kamba na kukaza fundo kwa meno juu ya ile barakoa. Vichwa viwili vya waridi vikadondoka sakafuni. Mtathmini alisimama kalamu hewani.

“Mama, nani amekufundisha kufunga hivi?”

“Punda,” sauti ikajibu.

“Punda?”

“Majani ya ng'ombe ukiyafunga legelege, punda anakumwagia yote njiani.”

Mtathmini akamwomba avue barakoa waongee vizuri. Yule mama akamtazama msimamizi wa zamu, Happy, na Happy akatazama dari. Basi akavua. Akatokea mwanamke wa makamo yangu, masikio yametogwa na kuvutwa kwa mtindo wa kikwetu, mvi zinachungulia chini ya kofia. Ametulia tuli, kama mtu aliyefika nyumbani kwake.

“Hamjambo,” akasema.

Nimeshuhudia mengi kwenye kazi ile. Nimeona mtu akiomba ruhusa ya msiba wa bibi yule yule mara tatu. Lakini mfanyakazi wangu bora kugeuka bibi mbele ya macho yangu, hilo sikuwahi kuliona.

Tulimpeleka ofisini. Alikuwa mama mkwe wa Naserian. Watu wa kwake wanamwita Yeyo, ndiyo mama kwa Kiarusha, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Minja alikuwa amekwisha kufura kwa hasira. Nikamwomba Yeyo aseme, na akasema bila kuzungusha. Naserian alijifungua, wiki kadhaa sasa. Mtoto alikuja kabla ya wakati. Wako hospitali mjini, mtoto amefungwa kifuani kwa mama yake mchana na usiku, ngozi kwa ngozi, ndivyo manesi walivyoagiza.

“Ni mdogo,” akasema Yeyo. “Ukimshika unaogopa hata kumpumulia. Akiwekwa chini, anapoa.”

Nikamwuliza, kwa nini hamkusema? Akanishangaa mimi niliyezaliwa huku huku mlimani kuuliza swali la namna hiyo. Mtoto wa namna ile hatangazwi. Mnanyamaza mpaka apate nguvu, ndipo mnasema mmepata mtoto. Kweli, hata kwa mama yangu ilikuwa hivyo. Na kazi je? Kazi, akasema, si ya nyumba yetu? Amekuja kuishika mpaka mwenyewe apate nafasi.

Hapo ndipo nilipoelewa, na ninyi vijana inabidi niwaeleweshe. Kwenye mashamba ya kahawa ya zamani, kadi ya kibarua ilikuwa ya nyumba. Leo anakwenda mama, kesho akiumwa anakwenda dada yake, keshokutwa shangazi. Mnyapara haulizi, bora safu yako ina mtu. Tukiita kushikiana nafasi. Yeyo alikulia kwenye utaratibu huo, hakuona kosa lolote. Alichukua kadi ya mkwewe yenye picha iliyofifia, akavaa barakoa, akapita getini. Happy alimgundua siku ya kwanza tu, akamweka meza ya nyuma na kazi ya kutoa majani, akafunga mdomo, kwa sababu Naserian ni rafiki yake.

Minja hakutaka kusikia habari ya kahawa.

“Huu ni utoro, na juu yake udanganyifu,” akasema. “Kikao cha nidhamu kesho mchana. Mama, hebu niambie, asiyeonekana kazini siku zote hizi bila ruhusa, kanuni inasemaje?”

Nilijua inavyosema. Inaruhusu kumwachisha kazi. Na nilijua la pili ambalo Minja hakulifikiria: Naserian akiachishwa, kadi yake ya bima ya afya inakufa hapo hapo, na ile kadi ndiyo iliyowashikilia yeye na mtoto pale hospitali. Nilitaka kumjibu. Kichwa kilikuwa tayari na jibu, tena la upande wa likizo ya uzazi kama nilivyoizoea: siku zake zinahesabika toka alipojifungua, na zikiisha, hata kama mtoto bado yuko wodini, zimeisha. Nikamkumbuka Mzee Nnko. Nikasema, “Bosi, nitakujibu kesho.”

Kesho yake niliwahi mjini. Ofisi ya kazi nilimkuta binti mgeni, nadhani alikuwa bado anaonja mshahara wa kwanza.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kuna jipya?”

“Kuhusu nini, mama?”

“Uzazi. Mtoto aliyekuja kabla ya wakati.”

Akatabasamu. Ndiyo, akasema, lipo, na limekwisha kuanza kutumika. Mama aliyejifungua mtoto njiti, likizo yake inaongezewa zile wiki ambazo mtoto alipaswa bado kuwa tumboni, mpaka zitimie arobaini. Baba naye siku zake zimeongezwa. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia nisomee kama lilivyo. Akanigeuzia kompyuta nikasoma mwenyewe, miwani nimeiegemeza kwenye pua kwa kidole. Kisha nikakaa, wala sikukaribishwa. Miaka yote nimeuliza kuna jipya, nikapewa fomu mpya, mhuri mpya, kiwango kipya cha kitu fulani. Sikuwahi kuuliza nikapewa mtoto wa mtu. Machozi yalinitoka mbele ya yule binti na sikuona haya.

Kikaoni tulikuwa wanne: Minja, mimi, Happy na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Nikaeleza sheria. Minja akasikiliza, kisha akasema sawa, ila likizo huombwa, na huyu hakuomba.

“Aliomba,” nikasema. “Taarifa ya ujauzito iko ofisini tangu zamani.”

“Tarehe aliyoandika si hiyo.”

“Tarehe aliandika yeye, bosi. Mtoto hakuulizwa.”

Mwakilishi wa chama akakohoa. Minja akaruka upande wa pili: na huyu bibi aliyeingia kwa kadi ya mtu? Nikamwambia hebu tumtazame huyo bibi. Ameingia saa zetu, ametoka saa zetu. Aproni yetu, kisu chetu, meza yetu. Nani alikuwa anamsimamia? Happy akainua mkono. “Mimi. Nilijua tangu siku ya kwanza, na nikampangia kazi.” Basi, nikasema, mtu wa namna hiyo sheria inamdhania kuwa mwajiriwa mpaka sisi tuthibitishe kuwa siye. Hana mkataba, hana mchango uliopelekwa popote. Tukilifikisha shauri hili kwa msuluhishi, maswali ya mwanzo yataelekezwa kwetu.

Minja alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. “Unaniambia nina wafanyakazi wawili kwenye nafasi moja?”

“Nakuambia mmoja yuko likizo halali. Mwingine yuko nje kwenye benchi, anasubiri.”

Minja si mtu mbaya, nisieleweke vibaya. Alikuwa na mabinti. Mwishowe akauliza jambo ambalo kila mmoja wetu alipaswa kuliuliza siku ya kwanza, na nikashtuka kwamba hata mimi sikuwa nimeliuliza kwa sauti.

“Mtoto mzima?”

“Mpaka jana jioni, mzima,” Happy akajibu.

“Basi kikao hakipo. Mama, mwandikie yule bibi mkataba wa muda, na atafutiwe kazi isiyo ya kufunga.”

Yule binti wa digrii, nilipofika hapa, chai ilikuwa imempoea kikombeni. Alidhani hadithi imekwisha. Akasema, kumbe mama, ni habari njema, mlishinda. Nikamwambia subiri. Ndiyo, Happy alipewa onyo la maandishi na alistahili, maana angeniambia mapema wala tusingefika kote huko. Ndiyo, getini waliweka mashine ya vidole, na kadi za nyumba zikafa siku hiyo. Lakini sikukusimulia yote haya ili nikuonyeshe ninavyojua kubishana na meneja. Mnasema kanuni zinabadilika haraka mno, mnachoka. Sikilizeni nililoambiwa kwenye benchi.

Nilitoka kumpa Yeyo habari. Alikuwa ameikunja aproni vizuri juu ya magoti, tayari kuirudisha. Nikakaa naye, nikamweleza kwa Kiswahili chepesi: Naserian hajafukuzwa, bima ipo, abaki hospitali na mtoto, zile wiki za tumboni amerudishiwa. Sikuona furaha niliyoitarajia. Aliangalia kule juu, upande wa mlima, ambako zamani kulikuwa na mashamba ya kahawa.

“Hiyo sheria ni ya lini?”

“Ni mpya, Yeyo. Ya juzi juzi tu.”

Akatikisa kichwa taratibu.

“Wangu wa kwanza alikuja hivi hivi,” akasema. “Msimu wa kuchuma. Nilikaa ndani kidogo, mnyapara akatuma mtu, akasema safu yangu ina wengi wanaoitaka. Mama mkwe wangu alikuwa mgonjwa, hakukuwa na wa kunishikia. Nikaenda naye. Nikamweka chini, juu ya gunia, kwenye kivuli cha mti wa kahawa. Nikachuma.”

Pakihausi redio ilikuwa inaimba.

“Akapoa,” akasema.

Vijana wangu, nimesoma sheria za kazi tangu ujana wangu, nimezifundisha, nimezitetea. Siku ile nilimshika mkono tu. Mkono wenyewe ulikuwa bado na miiba ya waridi.

Baada ya muda akaniomba nimrudie ile sheria, polepole, tangu mwanzo. Nikairudia. Midomo yake ikawa inacheza, anaigeuza kwa Kiarusha, neno kwa neno, ili isimpotee njiani. Akasimama, akanikabidhi aproni, akasema kesho atakuja, leo tumruhusu. Nikamwuliza anaelekea wapi.

“Hospitali,” akasema. “Nikamwambie asimweke chini.”